Pesa Kongwe Isipakwe Ndimu

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu na Mombasa hadi Tanga, Bagamoyo, Unguja na Kilwa, ni nadra kukuta nyumba ya watu wa zamani isiyokuwa na mkebe au pembe ya kasha ambamo mna sarafu zilizosazwa na mababu: pesa za shaba za Sayyid Barghash, riale za Maria Theresa, rupia za Mjerumani, shilingi za simba za wafalme wa Kiingereza, na ni nadra zaidi kumkuta mwenye nyumba hiyo ambaye, siku anapozitoa kumwonyesha mgeni, hakuanza kwanza kuzisugua. Huzitia ndimu au ukwaju, akachukua majivu na kumbi la nazi, akazipikicha mpaka ziwake, kisha akazitandaza mezani kwa fahari, asijue kuwa kwa saa moja ya jitihada amekwisha kuziondolea sehemu kubwa ya thamani ambayo miaka mia na zaidi ilikuwa imezihifadhia. Hoja yangu ni fupi ingawa maelezo yake ni marefu: sarafu ya kale isisafishwe, na pale inapobidi kusafishwa, aghalabu kazi hiyo si ya mikono ya nyumbani.

Sababu ya ada hii haiko mbali. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika nadhafa, na kila chombo cha shaba kilichomo nyumbani, ikiwa ni sinia, birika la kahawa au tasa ya kunawia mikono, husuguliwa kabla ya Idi na kabla ya harusi, na mama aliyeacha sinia lake lishikwe na kutu hakosi kusemwa na majirani. Ada hiyo ni njema mahali pake; walakini imevuka mpaka. Sinia liliumbwa lisuguliwe: unene wake hustahimili majivu ya miaka hamsini, na nakshi zake zimechimbwa kwa kina. Sarafu haikuumbwa hivyo. Sura yake yote na maandishi yake yote yamo katika mwinuko usiozidi unene wa ukucha, na mwinuko huo ulikwisha kupunguzwa na vidole na vibindo vya watu kabla haujaingia kashani.

Tuitazame pesa moja ya Sayyid Barghash, maana ndiyo iliyo nyingi mikononi mwa watu. Ni ya shaba; upande mmoja ina mizani ya vitanga viwili pamoja na mwaka wa Hijra 1299, ambao kwa sehemu yake kubwa ni 1882 ya Miladi, na upande wa pili ina jina la Sultani kwa hati ya Kiarabu. Aipataye ikiwa imetulia katika kasha miaka yote hiyo ataiona ina rangi ya hudhurungi iliyokolea, iliyoenea sawasawa tangu ukingo hata ukingo, na kama haikutumika sana, akiielekeza kwenye mwanga wa dirisha na kuigeuza polepole, ataona miale ikizunguka juu ya uso wake. Miale hiyo ina asili yake. Muhuri wa chuma ulipoipiga shaba ile kwa nguvu za mtambo, madini yalisukumwa kutoka kati kwenda ukingoni, yakaacha vijistari vyembamba mno visivyoonekana ila kwa kioo cha kukuzia. Vijistari hivyo ndivyo viuzungushavyo mwanga, na vikishafutika hakuna fundi wala sonara awezaye kuvirudisha. Ndimu huvifuta kwa kuvila, majivu huvifuta kwa kukwaruza, na zile dawa za kung'arishia shaba zinazouzwa madukani huvifuta kwa njia zote mbili. Kinachobaki ni wekundu mbichi usiofanana na shaba iliyotoka kiwandani wala na shaba iliyozeeka. Na baada ya muda si mrefu wekundu huo hufanya madoa meusi na ya kijani, kwa sababu asidi iliyosalia katika mashimo ya maandishi inaendelea na kazi ilhali mwenye mali anadhani kazi imekwisha.

Watu wengi huamini kwamba utando ule wa hudhurungi ni uchafu uliotoka nje ukagandamana na sarafu, na kwamba chini yake imelala sarafu mpya inayongoja kufunuliwa. Sivyo. Utando ni shaba yenyewe iliyokutana na hewa na kugeuka, na ukishaenea vizuri hupunguza kasi ya hewa kuila shaba iliyo chini. Auondoaye utando ameondoa shaba, na shaba aliyoiondoa ni ile ya juu kabisa, iliyobeba alama. Fedha nayo ina mambo yake: huingiliana na salfa iliyo hewani, hupita katika manjano, zambarau na buluu, ikaishia katika weusi, na wapo wakusanyaji wa sarafu katika Ulaya na Marekani ambao hulipa ziada kwa ajili ya rangi hizo zikiwa zimejipanga zenyewe kwa muda wa miaka. Dawa za maji ambazo sarafu ya fedha huchovywa ikatoka nyeupe papo hapo huondoa weusi huo pamoja na kiasi cha fedha kilichogeuka kuwa weusi; ikichovywa mara kwa mara hufa, yaani hubaki nyeupe pasipo uhai wowote, na mtu mzoefu huitambua kwa kuitupia jicho.

Hapa riale ya Maria Theresa inafaa kuitwa shahidi. Sarafu hii ya Austria, yenye uzani wa gramu 28 na zaidi kidogo na fedha ya sehemu 833 kwa 1000, ilipata kutumika zaidi katika Uhabeshi, Bara Arabu na pwani yetu kuliko ilivyotumika kwao, na ajabu yake ni kwamba mwaka wake haubadiliki: malkia huyo alifariki 1780, na tangu hapo kila riale iliyopigwa, iwe Vienna, Roma, London, Paris au Bombay, imeandikwa 1780. Basi mtu atajuaje iliyopigwa zamani na iliyopigwa juzi? Atajua kwa vitu vidogo kabisa: lulu za bizimu iliyo begani mwa malkia, lulu za taji lake, manyoya ya mkia wa tai aliye upande wa pili, pambo la ukingoni. Wafanya biashara wa Kiarabu na wa Kihabeshi walizihesabu lulu hizo kabla ya kupokea malipo, na riale iliyosagika lulu waliitilia shaka. Mwenye kuisugua riale leo kwa majivu anazifuta lulu zile zile ambazo mchuuzi asiyejua kusoma herufi moja ya Kilatini alikuwa na busara ya kuzitazama kwanza.

Lakini hasara kubwa kupita zote iko Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga pesa zao za shaba kwa karne kadhaa, na pesa hizo, ambazo nyingi ni ndogo na nyembamba, zimeokotwa Kilwa Kisiwani na Mafia, na moja imefukuliwa hata Zimbabwe Kuu. Upande mmoja una jina la sultani, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu yaliyotungwa kwa vina ili yaoane na jina hilo, jambo linaloonyesha kuwa watu wetu walitia ushairi hata katika pesa ya kununulia samaki. Pesa hizo za shaba hazina mwaka. Wataalamu walioupanga ufuatano wa masultani hao, kama John Walker katika 1936 na Neville Chittick baada yake, walitegemea sana herufi zenyewe, ulinganifu wa mihuri na mahali pesa zilipofukuliwa. Sasa mtu ameokota pesa ya namna hiyo ufukoni baada ya mvua, ina kutu ya kijani, akaona ni vyema aitie siki usiku kucha. Asubuhi anakuta kipande cha shaba safi kisichokuwa na herufi hata moja. Amefanya kama mrithi wa shamba aliyeifua hati yake kwa sabuni ili karatasi ipate kuwa nyeupe.

Mfano wa kinyume chake ni huu: katika 1944 askari mmoja wa Australia, jina lake Maurie Isenberg, aliokota sarafu kadhaa katika mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi ile, akazitia katika mkebe, na mkebe ukakaa hata 1979 ndipo alipozipeleka kwa wajuzi. Wakaona tano katika hizo ni pesa za Kilwa. Hata leo wanazuoni wanajadiliana zilifikaje huko, wengine wakitaja majahazi ya Waarabu, wengine Wareno, wengine Waholanzi, na mjadala huo wa dunia nzima umesimama juu ya vipande vitano vya shaba ambavyo mwenyewe hakuvipa umuhimu, na kwa bahati njema hakuviharibu. Uvivu wa askari huyo umeifaa taarikhi yetu kuliko bidii ya wengi.

Na Pemba je? Huko Mtambwe Mkuu, katika 1984, ilifukuliwa dafina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo za kupotea kiganjani, zilizopigwa na watawala wa pwani hii, pamoja na dinari chache za dhahabu za nchi za Kiislamu, baadhi yake za Mafatimi wa Misri. Dinari zile zilikuwa na miaka, ya karibu zaidi ikiwa ya karne ya kumi na moja ya Miladi, na kwa sababu zote zilikutwa pamoja, mwaka wa mgeni ulitoa ithibati ya umri wa mwenyeji. Lau dafina ile ingalichimbwa na mtu mwenye tamaa, akaziosha, akazigawa, akaiuza dhahabu kwa sonara na fedha kwa mtalii, tungalibaki na sarafu elfu mbili zisizojua zilizaliwa lini. Ndiyo maana nasema thamani ya sarafu imo katika hali yake na mahali pake kwa pamoja, na kuisugua ni mwanzo tu wa kuisahaulisha.

Kwa asiyejali taarikhi bali anajali bei, nina neno pia. Katika soko la sarafu la dunia kampuni za kupima daraja, mashuhuri zaidi zikiwa PCGS na NGC za Marekani, hutumia kipimo cha 1 hadi 70 kilichotokana na kazi ya William Sheldon ya 1949. Na sarafu iliyosafishwa vibaya, hata ikiwa nakshi zake zingali zimesimama, aghalabu hunyimwa nambari na kuandikiwa waziwazi kuwa imesafishwa. Mnunuzi akisoma neno hilo hutoa nusu ya bei, au robo, au huondoka. Simlaumu. Sarafu iliyokwaruzwa haiwezi kumwambia kama ilikuwa njema au mbaya kabla ya kukwaruzwa.

Ziko na hadithi za mitaani ambazo zimewatia watu wetu katika tamaa isiyo na msingi: kwamba rupia ya Mjerumani inatafutwa kwa mamilioni, kwamba ina madini ya siri, kwamba yuko tajiri mahali fulani anayeingojea. Dalali huja, huomba ada ya kuipima, hupotea. Ukweli ni mtulivu zaidi. Rupia ya Mjerumani ni sarafu ya fedha, bei yake hufuata mwaka, uchache na hali, na iliyochakaa ya mwaka wa kawaida si mali ya kujengea nyumba. Iliyo ya thamani kweli ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora katika 1916, wakati Wajerumani walipokuwa wamezibiwa bahari na Waingereza, wakaitumia karakana ya reli kupiga sarafu yao wenyewe kwa dhahabu ya Sekenke. Ina tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Zilipigwa kama 16,000 tu, na kwa sababu hiyo za bandia ni nyingi. Mwenye nayo asimkabidhi mtu yeyote aipime kwa jiwe au kwa tindikali, maana kila alama ya kupimwa hupunguza kile kinachopimwa.

Shilingi ya simba nayo inahitaji kutajwa, kwa sababu inasumbuliwa bure. Mtu akisikia shilingi ya 1921 ni ya fedha huisugua akitazamia weupe wa fedha, asiupate, akasugua zaidi. Hataupata. Shilingi ile tangu 1921 hadi 1946 ina fedha robo tu, na robo tatu ni madini mengine. Kadiri inavyosuguliwa ndivyo inavyotoa umanjano. Na zile za tangu 1948 hazina fedha hata chembe.

Sikatai kwamba liko pambo la fedha lililo na haki ya kung'aa. Riale iliyotobolewa au kutiwa kikuku na sonara, ikavaliwa kifuani na bibi harusi vizazi vitatu, imekwisha kutoka katika hesabu ya sarafu na kuingia katika hesabu ya mapambo. Kung'aa kwake ni sehemu ya maisha yake, na anayeikataza kung'aa amekosa adabu mbele ya akina mama. Nasema haya kwa sababu wapo wakusanyaji wakali ambao wangetaka hata mkufu uachwe mweusi.

Na ziko hali mbili ambazo kuacha tu hakutoshi. Ya kwanza ni mafuta au ute wa kijani unaonata, ambao hutoka katika vijifuko vya plastiki laini ya aina ya PVC, vile vile ambavyo wauzaji hutuuzia kwa ajili ya kuhifadhia sarafu; plastiki hiyo ikioza katika joto letu hutoa asidi. Ute huo huondolewa kwa asetoni safi, si ile ya kufutia rangi ya kucha iliyotiwa mafuta na manukato, na sarafu huchovywa bila ya kusuguliwa, mbali na moto na katika hewa ya wazi. Asetoni haiigusi shaba wala fedha. Huyayusha mafuta ikaondoka. Ya pili ni maradhi hasa, nayo huzipata sarafu za shaba zilizokaa katika chumvi, kama zile za ufukoni. Kutu njema ya kijani ni ngumu, yenye uso laini, imeshikamana. Kutu ya maradhi ni ya kijani kilichopauka, ni ya unga, na ukiigusa kwa kijiti cha meno hupukutika. Chumvi iliyo ndani ya shaba hukutana na unyevu wa hewa, ikafanya asidi, asidi ikala shaba, chumvi ikaachiliwa tena ianze upya, hata sarafu ikamalizika yenyewe ndani ya mkebe. Sarafu ya namna hiyo itengwe na wenzake, iwekwe pakavu kabisa, ipelekwe kwa mafundi wa makumbusho, ambao wana dawa na subira ya kazi hiyo. Vumbi na mchanga wa kawaida huondolewa kwa maji yaliyotoneshwa, yanayouzwa kwa ajili ya betri za gari, si maji ya bomba yenye klorini wala ya kisima cha pwani yenye chumvi. Kisha sarafu ilazwe juu ya kitambaa laini ikauke, isifutwe.

Kuhifadhi ni kazi nyepesi kuliko kusafisha, na labda ndiyo sababu haipendwi. Sarafu ishikwe ukingoni, maana jasho la kidole gumba lina chumvi na huacha alama itakayoonekana baada ya miaka. Isifungwe kwa mpira, kwa kuwa mpira una salfa. Isitiwe katika bahasha ya gundi. Isilundikwe na nyingine zikapata kugongana. Karatasi isiyo na asidi, au plastiki ngumu isiyo ya PVC, yatosha. Katika kikasha itiwe vile vijifuko vya chembechembe vinyonyavyo unyevu ambavyo hutupwa kila siku kutoka katika masanduku ya viatu, vikaushwe kila vinapolowa, na kikasha kiwekwe mbali na jiko na mbali na ukuta wa chokaa unaotoa jasho wakati wa masika.

Sheria nayo isisahauliwe. Katika Tanzania Bara, kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, vitu vilivyofanywa na mikono ya wanadamu kabla ya 1863 ni katika mambo ya kale yanayolindwa, na havitolewi nje ya nchi bila ya kibali. Kwa hiyo pesa ya Kilwa iliyookotwa si mali ya kumkimbizia mtalii, na aliyeiona yampasa kutoa habari. Kenya na Zanzibar nazo zina sheria zao za kulinda urithi.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa kashani mwenu mna sarafu za wazee, ziacheni na rangi yake. Chukua karatasi, andika kila moja ilikuwa ya nani, aliipata wapi na aliiacha lini, uiweke pamoja nayo, kwa sababu babu au bibi anayejua huenda bado yupo, na hatakuwapo daima. Na ikiwa una pesa ya shaba yenye herufi za Kiarabu usizoweza kuzisoma, usizisugue upate kuzisoma. Ipeleke Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, au Fort Jesus Mombasa, au kwa wakubwa wa mambo ya kale Unguja, wao watakusomea.